Kamera Nyuma ya Darubini, Chini ya Anga la Ikweta

Usiku wa tarehe 20 Septemba 2016, fundi wa kufuli wa mji wa Rosario nchini Argentina, Víctor Buso, alipanda kwenye chumba chake cha darubini juu ya nyumba ili kujaribu kamera mpya. Darubini yake ilikuwa ya kioo chenye kipenyo cha sentimita 40. Aliielekeza kwenye galaksi ya NGC 613, ambayo saa hizo ilikuwa karibu na utosi, akaanza kupiga picha fupi fupi za sekunde 20 kila moja, kwa kuwa mwanga wa taa za mji ungeiharibu picha ndefu. Baada ya muda akagundua kwamba kwenye picha mpya kulikuwa na nukta ambayo haikuwemo kwenye picha za mwanzo, tena nukta yenyewe ilizidi kung'aa kadiri picha zilivyoongezeka. Alikuwa amenasa nyota ikianza kulipuka. Mlipuko huo ukapewa jina la SN 2016gkg, na mwaka 2018 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Melina Bersten lilichapisha uchambuzi wa picha zake katika jarida la Nature.

Bahati ya namna hiyo haipangwi. Namna ya kufanya kazi, lakini, inaweza kuigwa na yeyote: Buso alichagua shabaha iliyo juu kabisa angani, alijua taa za mji wake zinamruhusu picha ya urefu gani, na badala ya kutegemea picha moja ndefu alikusanya nyingi fupi. Mambo hayo matatu yana uzito kuliko bei ya kamera. Kwa msomaji wa Mwanza, Mombasa, Kampala au Bujumbura, jambo la kwanza ndilo lenye faida kubwa zaidi, kwa sababu anga lake halijakaa kama anga la London au Chicago, ilhali maelekezo mengi anayokutana nayo yameandikwa kwa ajili ya watu wa huko. Yakifuatwa neno kwa neno, humwelekeza mtu kwenye nyota asiyoweza kuiona na kumsahaulisha zile zinazopita juu ya kichwa chake.

Anayeanza kabisa hana haja ya kununua kamera. Simu iliyomo mfukoni, ikishikizwa nyuma ya lenzi ya jicho ya darubini, hupiga picha nzuri ya Mwezi usiku wa kwanza. Kazi ngumu ni kuituliza. Mkono hutetemeka, na lenzi ya simu ikihama hata milimita chache picha yote huwa nyeusi. Ndiyo maana kishikizo cha simu kinachobana kwenye lenzi ya jicho ni ununuzi wa kwanza wenye maana, na fundi seremala au fundi wa vyuma wa mtaani anaweza kukitengeneza akioneshwa vipimo. Itumike lenzi ya jicho yenye ukuzaji mdogo, ile iliyoandikwa milimita 20 au 25, kwa sababu huacha uwazi mpana wa kupitisha mwanga. Mwangaza wa picha upunguzwe kwa kidole kwenye skrini hadi mashimo ya Mwezi yaonekane, na picha ipigwe kwa kuchelewesha sekunde chache ili mtikisiko wa kugusa simu uishe.

Hatua inayofuata ni kamera yenye lenzi ya kubadilisha. Si lazima iwe mpya. Canon 600D, iliyotoka mwaka 2011 na ambayo bado huuzwa mitumba, inatosha kwa miaka mingi ya kujifunza. Lenzi yake huondolewa, darubini ikashika nafasi hiyo. Vinahitajika vitu viwili vidogo: ringi ya T inayolingana na aina ya kamera, kwa maana ya Canon na ya Nikon haziingiliani, na bomba fupi linaloingia kwenye tundu la lenzi ya jicho. Upande wa mbele wa ringi hiyo una nyuzi za skrubu za milimita 42 kwa kamera zote, kwa hiyo bomba moja huweza kutumika hata mtu akibadili kamera.

Hapa ndipo wengi hukwama usiku wa kwanza. Darubini ya Newton, yaani ile ya vioo ambayo mtu huchungulia kwa ubavuni, mara nyingi hutengenezwa kwa ajili ya jicho tu. Kamera ikifungwa, sensa yake, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, hukaa nyuma mno, na hata kifokasishi kikisukumwa ndani hadi mwisho nyota hubaki kama sahani za ukungu. Darubini haijaharibika. Dawa ya bei nafuu ni lenzi ya Barlow ya mara mbili iliyofungwa mbele ya kamera, kwani husogeza fokasi nje, ingawa huongeza ukuzaji na kupunguza mwangaza. Wengine hupandisha kioo kikuu kwa kutumia skrubu ndefu zaidi. Ambaye hajanunua darubini bado amwulize muuzaji swali moja kabla ya kutoa pesa: je, hii hufikia fokasi ikiwa na kamera bila Barlow? Jibu lake lina thamani kuliko maandishi ya mara 500 yaliyobandikwa kwenye boksi.

Kabla ya kutoka nje, hesabu ndogo hupunguza masikitiko. Taswira ya Mwezi kwenye sensa huwa na upana unaokaribia umbali wa fokasi wa darubini ukigawanywa kwa 110. Darubini ya milimita 750 hutoa Mwezi wa takriban milimita 7, na sensa ya 600D ina kimo cha milimita 15, kwa hiyo Mwezi wote huingia na nafasi hubaki. Darubini ya milimita 2,000 hutoa Mwezi wa milimita 18, na sehemu yake itakatwa. Kwa Mshtarii hesabu ni ya kushangaza upande wa pili: kwenye darubini hiyo ya milimita 750, sayari kubwa kuliko zote hujaza upana wa vinukta arobaini hivi tu vya sensa. Anayejua hilo mapema hatadhani kifaa chake ni kibovu anapoona Mshtarii kama punje.

Mwezi ndio shule. Kwa Mwezi mpevu, kamera ikiwa ISO 100 (kipimo cha wepesi wake wa kuhisi mwanga) na darubini ikiwa na uwiano wa fokasi wa 5, yaani umbali wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo, picha ya sehemu moja ya 500 ya sekunde inatosha. Mwezi nusu unahitaji zaidi, tuseme sehemu moja ya 125. Lakini picha za kuvutia hazipatikani mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu jua huwa linaupiga usoni na vivuli hupotea. Usiku wa kuamkia nusu ya kwanza, mstari unaotenganisha mchana na usiku wa Mwezi hupita kwenye milima na mashimo yenye vivuli virefu, na kila usiku hufunua mengine. Mtu akipiga kila usiku tangu mwezi mwandamo uonekane hadi upevuke, atakuwa amejifunza fokasi, mwangaza na uvumilivu bila kusafiri popote, hata akiwa Kariakoo chini ya taa zote za jiji. Taa za mji haziuzimi Mwezi wala sayari.

Fokasi isikadiriwe kwa jicho kwenye kitundu cha kamera. Skrini ya nyuma ikuzwe mara kumi juu ya nyota angavu, kifokasishi kizungushwe taratibu hadi nyota iwe ndogo kadiri iwezekanavyo, kisha kifungwe. Kuna kifaa cha bei ndogo kinachofanya kazi hiyo kuwa ya uhakika: barakoa ya Bahtinov, iliyobuniwa mwaka 2005 na Mrusi Pavel Bahtinov. Ni bamba lenye mipasuo iliyopangwa kwa pembe tatu, huwekwa mdomoni mwa darubini na kuipa nyota miali mitatu. Mwali wa katikati ukipita sawasawa kati ya hiyo miwili mingine, fokasi imekaa. Mtu mwenye wembe, kadibodi nyeusi na mchoro uliochapishwa anaweza kuikata mwenyewe. Muhimu asisahau kuiondoa kabla ya kuanza kupiga.

Kwa sayari, picha moja moja haifai. Hewa iliyo juu yetu huchemka muda wote na kuitetemesha taswira, na tiba yake ni video. Hurekodiwa maelfu ya fremu, kisha programu ya bure kama AutoStakkert huchagua zile chache zilizopigwa wakati hewa imetulia, huzipanga juu ya nyingine na kutoa picha moja kali. Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa 10, kwa hiyo video yake isizidi dakika mbili au tatu, la sivyo mawingu yake yatakuwa yamekwisha kuhama. Zohali na pete zake huvumilia zaidi. Barlow iongezwe hadi uwiano wa fokasi ukaribie mara tano ya ukubwa wa kinukta cha sensa kwa maikromita. Kwa 600D, yenye vinukta vya maikromita 4.3, hiyo ni kama 21.

Na hapa mkaazi wa Afrika Mashariki amependelewa waziwazi. Mwingereza Damian Peach, mmoja wa wapigapicha wa sayari wanaosifika zaidi duniani, amewahi kusafiri hadi Barbados kufanya kazi yake, kwa sababu kwao kuna miaka ambayo Mshtarii na Zohali hukaa chini karibu na upeo, zikitazamwa kupitia hewa nene. Dar es Salaam, Nairobi au Kigali sayari hizo hupita juu kila mwaka, hata zikiwa zimekengeuka kadiri ya mwisho hazishuki mbali na utosi zaidi ya nyuzi thelathini na kitu. Anachokifuata Peach kwa ndege, kijana wa Kigoma anacho uani kwao.

Sayari zina kazi ya maana pia. Mnamo tarehe 19 Julai 2009, Anthony Wesley, mpenda nyota wa Australia, aliona doa jeusi kwenye picha za Mshtarii alizokuwa akipiga kwa darubini ya sentimita 37 karibu na nyumbani kwake. Lilikuwa kovu la kitu kilichoigonga sayari, na taarifa yake iliwafanya wataalamu wageuze darubini kubwa kulitazama. Bila mtu aliyekuwa nje usiku ule na kamera yake, kovu hilo lingeweza kufifia kabla ya kuonwa.

Tuje kwenye suala gumu kuliko yote: stendi. Dunia inazunguka, na nyota huhama kwa sekunde 15 za tao kila sekunde ya saa. Kwenye darubini ya milimita 750 bila mota, picha ya sekunde moja tu inatosha kuzigeuza nyota kuwa vistari. Mwezi na sayari ni angavu na hupigwa upesi, kwa hiyo stendi rahisi hutosha. Nebula na galaksi zinataka sekunde 30, 60 au zaidi, na hapo ni lazima stendi ya ikweta, ile yenye mhimili mmoja unaosawazishwa na mhimili wa dunia na mota inayouzungusha. Kama mtu ana fedha za kitu kimoja kizuri, zote ziende kwenye stendi. Darubini ndogo juu ya stendi imara itampa picha nzuri kuliko darubini kubwa juu ya miguu inayoyumba kila upepo ukipita.

Vitabu vya kaskazini husema: elekeza mhimili kwenye nyota ya Polaris na kazi imekwisha. Aliyeko Dar es Salaam haioni Polaris. Iko chini ya upeo. Ncha ya kusini ya anga iko juu ya upeo kwa takriban nyuzi 7 tu Dar, na Nairobi ni nyuzi 1.3, nyuma ya nyumba za majirani na vumbi la barabara. Nyota iliyo karibu na ncha hiyo, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba hata gizani huonekana kwa taabu. Msemaji wa Kiswahili aliyeko Muscat nchini Omani anaweza kuutumia ushauri wa vitabu hivyo moja kwa moja, kwa kuwa kwake Polaris imepanda nyuzi 23 na zaidi.

Tatizo la pili ni la chuma. Stendi nyingi hazikutengenezwa kushuka hadi nyuzi 7, sembuse 1. Nyingine hugota kwenye nyuzi 15 au 20, na zinazoshuka huenda uzito wake wa kusawazisha ukagonga mguu wa stendi. Kabla ya kununua, aulizwe muuzaji kiwango cha chini cha latitudo. Kwa ambaye amekwisha kununua, mguu wa upande wa kaskazini unaweza kurefushwa ili kichwa chote kiiname kuelekea kusini kwa nyuzi zinazopungua, lakini miguu ipanuliwe vizuri na mfuko wa mchanga utundikwe upande wa kaskazini, maana darubini iliyoinama huweza kuanguka.

Baada ya hapo, hatua ya kwanza ni dira. Dira ya simu isiwekwe juu ya chuma cha stendi, bali isomwe mita mbili tatu pembeni na mstari wa kaskazini-kusini uchorwe chini kwa chaki. Hiyo hutosha kwa kuanzia. Usahihi hupatikana kwa nyota zenyewe. Darubini ielekezwe kwenye nyota iliyo karibu na utosi, ambayo kwa mtu wa ikweta iko pia karibu na ikweta ya anga. Picha ndefu ianzishwe: sekunde tano nyota iachwe itulie ili iache nukta, kisha kwa rimoti ya stendi darubini isogezwe mashariki polepole kwa dakika moja, halafu irudishwe magharibi kwa dakika moja nyingine. Kama mhimili haujakaa, nyota itachora herufi V kwenye picha. Stendi igeuzwe kidogo kushoto au kulia, picha irudiwe, na V ikiwa nyembamba zaidi basi mwelekeo ndio huo. Ikizidi kupanuka, igeuzwe upande wa pili. Mistari miwili ikilaliana, imebaki kurudia zoezi hilo kwa nyota iliyo chini mashariki, safari hii kwa kurekebisha kimo cha mhimili. Mara ya kwanza kazi hii hula nusu ya usiku. Akishaizoea, mtu huimaliza kabla chai ya kwenye chupa haijapoa. Mwenye kompyuta anaweza kutumia NINA, programu ya bure yenye nyongeza ya kupanga mhimili kwa kupiga picha sehemu tatu za anga, bila kuhitaji kuiona ncha.

Baada ya stendi kutulia, shabaha ya kwanza haina ubishi: Nebula ya Orion, wingu la gesi linalozaa nyota, umbali wa takriban miaka ya mwanga 1,340. Mintaka, mojawapo ya nyota tatu za mkanda wa Orion, ipo karibu kabisa juu ya mstari wa ikweta ya anga, na nebula yenyewe hupita nyuzi moja na nusu tu kutoka utosi wa Dar es Salaam. Hakuna mpigapicha wa Ulaya anayeipata namna hiyo. Kuanzia Desemba hadi Februari hupanda mapema usiku.

Mwaka 1880, Mmarekani Henry Draper aliipiga picha nebula hiyo kwa mara ya kwanza, akiiacha kamera wazi kwa dakika 51. Leo anayeanza hupata muda karibu huo huo kwa njia nyingine: picha 100 za sekunde 30, ISO 800 au 1600, zihifadhiwe kwa mfumo wa RAW. Rimoti yenye saa hupiga zote bila mtu kugusa kamera. Sababu ya kupiga nyingi ni kwamba mwanga wa nebula uko palepale kwenye kila picha, wakati chembechembe za kelele za sensa hubadilika. Zikilazwa pamoja, kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha nne hufanya kazi mara mbili bora kuliko moja, na picha 100 mara kumi. Kitovu cha nebula ni angavu mno na huungua, basi zipigwe pia picha ishirini hivi za sekunde tano ili kiokolewe wakati wa kuunganisha.

Joto ni adui wa mpigapicha wa pwani. Kelele ya sensa hukaribia kuwa maradufu kila joto linapoongezeka nyuzi 6 hivi, kwa hiyo kamera ile ile hutoa picha safi zaidi Njombe kuliko Tanga. Dawa ni picha za giza: kifuniko kiwekwe mdomoni mwa darubini na zipigwe picha kama ishirini kwa ISO na muda ule ule, usiku ule ule, joto likiwa lile lile. Programu huziondoa kelele hizo kwenye picha halisi. Picha nyingine za msaada hupigwa jioni kabla ya giza, fulana nyeupe ikiwa imenyooshwa mdomoni mwa darubini. Hizo huonesha vivuli vya vumbi na giza la pembeni ili navyo vifutwe. Wengi huziruka kwa uvivu, kisha huhangaika siku mbili kwenye kompyuta wakijaribu kuondoa duara la vumbi lililokaa katikati ya galaksi.

Umande nao si wa kupuuzwa. Kuanzia saa nne za usiku lenzi ya mbele huweza kufunikwa bila mtu kujua, na picha za mwisho zote huwa za ukungu. Mkeka mwembamba wa sponji uliozungushwa mdomoni mwa darubini huuchelewesha, na mashine ya kukausha nywele huuondoa. Lenzi isifutwe kwa kitambaa. Vifaa vikirudi ndani viachwe wazi hadi vikauke, ndipo viwekwe kwenye sanduku lenye vipakiti vya kunyonya unyevu. Zanzibar, Lamu na Mombasa, ukungu unaoota kwenye vioo umeua lenzi nyingi kuliko kuanguka.

Kuunganisha picha hakuhitaji programu za kulipia. DeepSkyStacker kwa Windows na Siril kwa kompyuta za aina zote hazilipiwi, na GIMP hutosha kwa marekebisho ya mwisho. Picha iliyounganishwa huonekana nyeusi tupu mwanzoni, jambo ambalo huwakatisha tamaa wengi. Nebula imo ndani yake. Inavutwa polepole kwa kubadili mkunjo wa mwangaza, mara kadhaa kwa kiasi kidogo. Wakati wa kusimama ni pale anga la nyuma linapoanza kuwa kijivu. Picha iliyokolezwa rangi hadi nyota zikawa vitufe vya buluu huenda ikapendwa na wengi mtandaoni, lakini imepoteza kilichokuwa ndani yake. Jambo moja la kamera lijulikane hapa: kichujio kilichomo mbele ya sensa huzuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa haidrojeni, ndiyo maana nebula nyingi hutoka hafifu kwenye kamera za kawaida. Canon iliwahi kutengeneza matoleo ya nyota, kama 60Da ya mwaka 2012, na Nikon ikatoa D810A mwaka 2015, lakini anayeanza anaweza kuahirisha hilo kabisa. Orion haihitaji.

Kisha anga lote liko wazi. Mtu wa ikweta huona nyota za kaskazini na za kusini pia, neema ambayo watu wa London na wa Cape Town wote hawana. Galaksi ya Andromeda hupanda nyuzi zaidi ya 40 juu ya upeo wa kaskazini wa Dar es Salaam, na upande wa kusini Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota lenye upana unaolingana na Mwezi mpevu, hufika karibu nyuzi 50. Hilo ni shabaha rahisi na halihitaji picha ndefu. Kilimia huonekana vizuri vuli inapokwisha. Kipupwe cha Juni hadi Agosti, wakati mawingu yamepungua sehemu nyingi za bara, kitovu cha Njia ya Maziwa hupita karibu na utosi, na hapo hata lenzi ya kawaida ya kamera bila darubini hufanya maajabu nje ya mji. Masika ni wakati wa kusoma na kuchakata picha za zamani.

Asiye na darubini asikate tamaa. Nchini Kenya, Susan Murabana na mumewe Chu Owen wamekuwa wakizungusha darubini mashuleni kupitia mradi wao wa The Travelling Telescope, na Tanzania, Dr. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria kwa miaka mingi ameelezea umma matukio ya anga, likiwemo kupatwa kwa jua kwa namna ya pete kulikowakusanya watu Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016. Usiku mmoja pembeni ya mtu mwenye uzoefu huokoa miezi ya kukisia.

Jua linataka neno la peke yake, kwa sababu huko kosa haliishii kwenye picha mbaya. Darubini isielekezwe kwenye jua kamwe bila kichujio maalumu cha jua kilichofungwa imara mbele, mdomoni, mahali mwanga unapoingilia. Vichujio vidogo vya kufungwa kwenye lenzi ya jicho, vinavyokuja na darubini za bei rahisi, vitupwe: hupasuka kwa joto, na jicho huumia kabla mtu hajashtuka. Kitafutio kidogo cha pembeni kifunikwe pia au kiondolewe. Mtoto asiachwe peke yake na darubini mchana hata dakika moja.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu kwenye ukanda utakaopita Hispania na kaskazini mwa Afrika, Luxor nchini Misri, kisha Jedda na Makka, Yemeni na kaskazini mwa Somalia. Luxor giza litadumu zaidi ya dakika 6. Wasemaji wa Kiswahili walioko Jedda na Makka watakuwa ndani ya ukanda, na kwao kichujio kitaondolewa wakati jua limefunikwa lote tu, kirudishwe mara ukingo wa kwanza wa mwanga unapotokea. Kenya na Tanzania jua litafunikwa sehemu, kwa hiyo kichujio hakitoki mwanzo hadi mwisho. Mpango wa siku hiyo uanze sasa: kichujio kinunuliwe mapema kabla bei hazijapanda, kikaguliwe kwa kukiinua mbele ya taa kali kuona kama kina matundu, na fokasi ifanyiwe mazoezi kwenye madoa ya jua siku za kawaida, asubuhi kabla hewa haijachemka.